Mvumo kwenye amplifaya ya hedifoni: tafuta njia ya mkondo kabla ya kununua kapasita

Usiku mtaa ukishatulia na feni nimeizima, ndipo kazi yangu ya kuhariri sauti huanza, na ndipo nilipousikia. Kati ya sentensi mbili za msimulizi, mahali pa kimya, palikuwa na mvumo: mnene, haupandi wala haushuki, kama jenereta inayonguruma mtaa wa tatu. Nikadhani umo kwenye rekodi. Nikasimamisha rekodi, ukabaki. Nikashusha volyumu mpaka mwisho, ukabaki vilevile. Nikachomoa nyaya zote zinazoleta sauti kutoka kwenye kompyuta, na bado ukaendelea kana kwamba sijagusa kitu. Ulikuwa unatoka ndani ya amplifaya yenyewe, kisanduku cha mezani nilichokinunua Kariakoo kikiwa kimeshatumika.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilifungua kasha, nikaona kapasita mbili kubwa za kutulizia umeme, kila moja ya mikrofaradi 2200, nikazitoa na kuweka za 6800. Niliporudisha umeme mvumo haukupungua. Uliongezeka, tena ukapata ukali ambao haukuwepo mwanzo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Makala hii inaeleza kwa nini ilikuwa hivyo, kwa sababu anayelielewa jambo hilo moja ameshalielewa tatizo karibu lote. Wengi tunauwaza mvumo kama takataka iliyomo kwenye umeme, inayohitaji chujio kubwa zaidi. Kumbe mara nyingi ni mkondo halali kabisa wa umeme, unaofanya kazi yake, ila umepitishwa kwenye njia ileile inayopita sauti. Kapasita haiwezi kuuhamisha mkondo ukapita njia nyingine. Waya unaweza.

Hamsini au mia moja

Umeme wa majumbani kwetu Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, na huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani Hz 50. Marekani ni Hz 60, ndiyo maana maelezo mengi ya mtandaoni yanataja 60 na 120. Sisi tunasoma 50 na 100.

Hiyo 100 inatoka wapi? Ndani ya amplifaya, transfoma hushusha umeme hadi volti chache, kisha daraja la dayodi nne huchukua kila nusu ya wimbi iliyoelekea chini na kuigeuza ielekee juu. Vilima vilivyokuwa 50 kwa sekunde sasa ni 100. Kapasita hujazwa na kila kilima na kuushikilia umeme hadi kilima kingine kifike. Kwa hiyo mvumo wa Hz 50 ni umeme ambao haujapita kwenye dayodi: umeingia kwa hewani kutoka kwenye transfoma, au kwa waya wa sauti, au kwa ethi. Mvumo wa Hz 100 umeshapita kwenye dayodi, na chanzo chake kimo ndani ya kasha, sehemu ya kugeuzia umeme.

Sikio linaweza kuzitofautisha. Hz 50 iko karibu na noti ya G kwenye uzi mnene wa gitaa la besi, na hedifoni ndogo nyingi huitoa kwa shida. Hz 100 iko oktava moja juu yake, na kwa kawaida huja pamoja na wenzake wa 200, 300 na kuendelea, wanaoupa ule ukali wa nyuki. Anayetaka uhakika arekodi mvumo wake kwa programu ya bure ya Audacity, kisha aangalie mchoro wa masafa. Vilele vya 50, 150 na 250 huelekeza kwenye usumaku wa transfoma. Vilele vya 100, 200 na 300 huelekeza kwenye dayodi na kapasita. Wakati wa kurekodi, laptopu iwe inatumia betri yake, maana chaja inaweza kuongeza mvumo wake juu ya ule unaoupima.

Kuna jambo la masikio ambalo linaeleza ubishi mwingi kati ya watumiaji wa amplifaya moja. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Sauti ya Hz 1000 huanza kusikika ikiwa na desibeli mbili tatu tu. Ya Hz 100 inahitaji kama desibeli 27, na ya Hz 50 inahitaji kama 44. Sasa tuseme amplifaya inatoa mvumo wa milivolti 1.25. Kwenye hedifoni kubwa ya omu 300, inayotoa desibeli 97 kwa kila miliwati, mvumo huo ni kama desibeli 44: kwa Hz 50 uko mlangoni kabisa pa kusikika, na mwenyewe ataapa kwamba amplifaya yake iko kimya. Chomeka badala yake vidude vidogo vya masikioni vya omu 16, vinavyotoa desibeli 110 kwa miliwati, na mvumo uleule unakuwa desibeli 70. Amplifaya haijaharibika kati ya mtu wa kwanza na wa pili. Wote wawili wanasema kweli.

Kisu cha volyumu

Kabla ya kushika bisibisi, kitu chenye thamani kuliko mita yoyote ni kitufe cha volyumu. Kizungushe polepole huku ukisikiliza. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na volyumu, umeingia kabla yake: kwenye waya wa sauti, kwenye soketi ya nyuma, au unatoka kwenye kompyuta. Usipobadilika hata kidogo, umeingia baada yake: kwenye hatua ya ukuzaji, kwenye nyaya za kutokea, au kwenye sehemu ya umeme. Ni kama kisu kinachokata amplifaya vipande viwili, na kwa sekunde kumi umeshajua kipande cha kutafutia.

Ukishajua hilo, chomoa nyaya zote za kuingiza sauti. Ukinyamaza, chanzo kiko nje. Ukibaki, kiko ndani. Kisha shika kasha la chuma kwa mkono, kwa nje, likiwa limefungwa. Mvumo ukipungua unapolishika, kasha au gamba la volyumu halijaungwa kwenye sifuri ya saketi (nukta ambayo volti zake zote hupimwa kutoka hapo), na mwili wako ndio umeifanya kazi hiyo kwa muda. Hapo tiba ni kipande cha waya kutoka kwenye gamba la volyumu hadi kwenye sifuri, kilichokwanguliwa vizuri na kulehemiwa.

Vua pia hedifoni na usogeze sikio kwenye kasha. Kama kasha lenyewe linavuma, hiyo ni transfoma inayotikisika kwa mitambo, na dawa yake ni skrubu iliyokazwa au mpira chini ya transfoma. Haihusiani na kinachosikika kwenye hedifoni.

Mvumo wangu haukubadilika na volyumu, haukuondoka nilipochomoa nyaya, na Audacity ilionyesha 100, 200, 300. Ushahidi wote ulisema: ndani, baada ya volyumu, sehemu ya kugeuzia umeme. Ningeanza na vipimo hivyo, zile kapasita nisingezinunua.

Sentimita tatu za shaba

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kapasita ya kutulizia umeme haijazwi muda wote. Kati ya vilima viwili kuna milisekunde 10. Kwa muda mwingi wa hizo, dayodi zimefunga na kapasita inahudumia saketi peke yake, volti zake zikishuka polepole. Kilima kinapofika karibu na kilele, dayodi hufunguka kwa muda mfupi sana, tuseme milisekunde 1, na ndani ya hiyo moja lazima zirudishwe chaji zote zilizotumika kwa milisekunde 10. Saketi inayokula ampea 0.1 kwa utulivu hujazwa kwa mapigo ya ampea 1 na zaidi. Mapigo hayo ni mara 100 kwa sekunde, makali, yenye ncha.

Ukiweka kapasita kubwa zaidi, volti zake hushuka kidogo zaidi kati ya kilima na kilima. Hilo ni zuri. Lakini kwa sababu zimeshuka kidogo, dayodi hufunguka kwa muda mfupi zaidi, na chaji ileile inapaswa kuingia ndani ya muda huo mfupi. Mama aliyezoea kujaza ndoo kwa dakika kumi, akiambiwa maji yatatoka kwa dakika tano tu, atafungua bomba mpaka mwisho. Ndoo ni ileile, ila bomba sasa linatema kwa nguvu. Kapasita zangu za 6800 zilifanya hivyo: wastani wa mkondo haukubadilika, ila mapigo yalikuwa mafupi na marefu kwenda juu.

Sasa, mapigo hayo yalikuwa yanapita wapi? Niliifuata njia ya shaba kwenye ubao kwa kidole na taa ya simu. Kutoka kwenye mguu hasi wa daraja la dayodi hadi kwenye mguu wa kapasita palikuwa na mstari wa shaba wa sentimita 3 hivi, upana wake milimita moja. Na waya wa kurudi wa hedifoni, ule unaotoka kwenye soketi ya mbele, ulikuwa umelehemiwa kwenye mwisho wa mstari huo ulio upande wa daraja. Sifuri ambayo opampu, kile kipuri kidogo kinachokuza sauti, ilikuwa inaitazama ilikuwa upande wa pili, kwenye kapasita.

Tupige hesabu. Shaba ya kawaida ya ubao wa saketi ina ukinzani wa karibu nusu miliomu kwa kila mraba. Mstari wa milimita 30 kwa 1 ni miraba 30, yaani miliomu 15. Ni kidogo mno, mita ya kawaida itakuambia ni sifuri. Lakini pigo la ampea 1 likipita humo, ncha moja ya mstari inatofautiana na nyingine kwa milivolti 15. Hedifoni ilikuwa imeunganishwa kati ya ncha hizo mbili: upande mmoja opampu ikisema “sifuri ni hapa kwenye kapasita”, upande wa pili waya wa kurudi ukisema “sifuri ni kule kwenye daraja”. Tofauti yao ilikuwa inachezwa moja kwa moja masikioni mwangu, mara 100 kwa sekunde. Volyumu ingefanya nini? Haikuwa njiani kabisa.

Nilichukua pasi ya kulehemu, nikautoa ule waya, nikausogeza sentimita 3 hadi kwenye mguu wa kapasita, upande unaokwenda kwenye saketi. Nilipowasha, nilidhani nimesahau kuchomeka hedifoni. Mvumo ulikuwa umekwisha. Gharama ilikuwa tone la risasi.

Kanuni inayotoka hapo mafundi huiita nyota. Mkondo wa kujaza uanzie kwenye daraja, uingie kwenye kapasita na urudi, bila kukanyaga sehemu nyingine. Kisha kutoka kwenye mguu wa kapasita, siyo kabla yake, chora nukta moja, na hapo ndipo sifuri zote zikutane kila moja kwa waya wake: sifuri ya soketi za kuingilia, ya volyumu, ya hatua ya ukuzaji, ya kurudi kwa hedifoni. Zikiungwa kwa mnyororo, moja juu ya nyingine, basi kila mkondo unaopita hubadilisha sifuri ya jirani yake.

Kuhusu kapasita zenyewe, hesabu inaonyesha za mwanzo zilikuwa zinatosha. Mkondo wa ampea 0.1, kapasita ya mikrofaradi 2200, mapigo 100 kwa sekunde: volti hucheza kwa karibu 0.45. Regyuleta inayofuata, yaani kipuri kinachoshikilia volti zisibadilike, hupunguza mchezo huo kwa mara elfu moja au zaidi, na opampu nayo hupuuza kwa mara maelfu kile kilichobaki kwenye nyaya zake za umeme. Kinachofika kwenye hedifoni kwa njia hiyo hakisikiki kwa sikio la mtu yeyote. Kubadilisha kapasita kuna maana pale zilipozeeka: zimevimba kichwani, zinavuja, au zimekaa miaka mingi jirani na kitu cha moto. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hukata maisha ya kapasita ya aina hiyo kwa nusu.

Neno moja kwa atakayefungua kasha. Amplifaya yenye transfoma ndani ina volti 230 wazi kwenye soketi ya nyuma, kwenye fyuzi na kwenye swichi. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi kabisa na uiweke mahali unapoiona. Kapasita nazo hubaki na umeme: zimalize kwa rezista ya omu 1000 ya wati 2, uishikilie kwenye miguu yake kwa sekunde kumi na tano, kisha hakikisha kwa mita. Usizikutanishe miguu kwa bisibisi.

Pete isiyoonekana

Baada ya kazi hiyo kimya kilinifanya nisikie mvumo wa pili, mdogo, uliojificha nyuma ya wa kwanza. Huu ulipanda na volyumu. Ulikuwa Hz 50. Na ulitoweka kila nilipochomoa chaja ya laptopu.

Chaja za laptopu ziko za namna mbili. Zenye plagi ya ethi iliyounganishwa kweli huiunga sifuri ya laptopu kwenye ethi ya nyumba. Amplifaya yenye kasha la chuma nayo imeungwa kwenye ethi. Ukiongeza waya wa sauti kati yao, umekamilisha pete: ethi ya ukutani, laptopu, ngao ya waya wa sauti (nyuzi za shaba zinazouzunguka kwa nje), amplifaya, halafu ethi tena. Kila nyaya za umeme zinazopita karibu na pete hiyo huingiza ndani yake mkondo mdogo kwa usumaku, na mkondo huo hupita kwenye ngao ya waya wa sauti, ambayo ndiyo sifuri ya sauti yako. Ngao yenye ukinzani wa omu 0.05 ikipitiwa na miliampea 10 hutoa nusu milivolti. Hiyo, ikikuzwa mara 2.5, ndiyo ile milivolti 1.25 niliyoitaja juu, inayosikika kwa mmoja na kwa mwingine haisikiki.

Chaja za aina ya pili hazina ethi, au zina ethi ya plastiki. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayovuka kutoka upande wa umeme mkubwa hadi upande wa laptopu. Ikiwa ni ya nanofaradi 2.2, hupitisha kama miliampea 0.16. Ndiyo inayokufanya uhisi kasha la laptopu likitambaa vidoleni unapolipapasa taratibu. Mkondo huo nao hutafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyo wazi ni ngao ya waya wako wa sauti.

Tiba ya kwanza ni ya bure: chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na waya wa sauti uwe mfupi, uliolala sambamba na nyaya za umeme bila kuacha uwazi mpana kati yao. Pete inakuwa nyembamba na inaokota kidogo. Ikishindikana, kata uhusiano wa shaba katika njia ya sauti. Waya wa mwanga ndio bora kama kompyuta na kigeuza sauti chako (DAC, kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) vina soketi zake, kwa kuwa mwanga haubebi ethi. Transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1 nayo hufaa, mradi iwe nzuri. Za bei ya chini huila besi.

Kwa anayeweza kulehemu kuna njia ya ndani ya kasha. Ethi ya ukutani ibaki imefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha kasha, bila kitu kati yake. Kisha ile nyota ya sifuri, badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye kasha, ipitie rezista ya omu 10. Omu 10 ni kubwa mara 200 kuliko ngao ya omu 0.05, kwa hiyo volti ndogo ya pete huishia kwenye rezista, si kwenye sauti. Sambamba na rezista hiyo huwekwa dayodi mbili nene zilizogeukiana, ili ikitokea hitilafu kubwa, mkondo upite kwenye dayodi na kukata fyuzi badala ya kuunguza rezista. Soketi za nyuma za kuingizia sauti lazima ziwe zimetengwa na chuma cha kasha, la sivyo rezista imerukwa.

Ethi si ya kukatwa

Kuna ushauri unaozunguka sana: vunja mguu wa ethi kwenye plagi, mvumo utakwisha. Ni kweli utakwisha, na ndiyo maana ushauri huu ni wa hatari, unaonekana umefaulu.

Ethi iko pale kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utachomoka ndani ya kasha na kugusa chuma. Ikiwepo, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi inakatika, na wewe unakuta amplifaya imezima. Isipokuwepo, kasha linakaa na volti 230 likisubiri, taa yake ikiwaka kama kawaida, na hedifoni iliyo kichwani mwako imeungwa humo. Mtu anaivaa kichwani, mkono mwingine umeshika kompyuta. Sina namna ya kulisema hili kwa upole: usikate ethi ya kifaa chenye kasha la chuma, hata kwa jaribio la dakika moja. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa kutohitaji ethi. Kama chako hakina alama hiyo, kinaihitaji.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Plagi zetu ni za miguu mitatu, lakini miguu mitatu si ushahidi wa ethi. Nimefungua ekstensheni ambazo tundu la juu lilikuwa na kibati kisichoungwa kwa waya wowote, na waya wenyewe ulikuwa na nyuzi mbili tu ndani. Wengine wamezoea kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kufungua tundu la ethi kwa kalamu. Amplifaya kwenye ekstensheni ya namna hiyo itavuma, itakuwashia vidole, na hakuna marekebisho ya ndani ya kasha yatakayoitibu. Nunua ekstensheni yenye waya wa nyuzi tatu na uikague kwa mita kabla ya kuichomeka: kutoka mguu wa juu wa plagi hadi tundu la juu la soketi, mita ilie.

Mvumo wa jioni

Rafiki yangu mmoja alikuwa na amplifaya iliyokuwa kimya mchana na kuvuma kuanzia saa moja usiku, Hz 100. Majirani wanapowasha majiko na pasi, umeme wa mtaa wao hushuka.

Transfoma yake ilitoa volti 15 umeme ukiwa 230. Kilele cha wimbi la volti 15 ni 21.2. Daraja la dayodi hula kama 1.4, zinabaki 19.8, na ukiondoa mchezo wa kapasita wa 0.45, sehemu ya chini kabisa ni volti 19.3 hivi. Regyuleta ya volti 15 inahitaji kuingiziwa angalau 17 ili ifanye kazi. Nafasi ipo. Umeme wa mtaa ukishuka hadi 200, hesabu ileile inatoa kilele cha 18.4, kisha 17, kisha 16.6. Mara 100 kwa sekunde regyuleta inazama chini ya mahitaji yake, na katika kila kuzama huko mchezo wa kapasita unapita moja kwa moja hadi kwenye opampu.

Hapa ndipo kapasita kubwa zaidi ingesaidia, ila kidogo tu, haifiki hata nusu volti. Tiba ya kweli ni kubadilisha regyuleta za volti 15 kwa za volti 12. Opampu nyingi hazijali, na kwa hedifoni volti 12 kila upande ni nyingi. Vipuri viwili, miguu ileile mitatu, na nafasi inakuwa ya kutosha hata umeme ukiwa 190. Angalia tu kwamba ile ya upande hasi miguu yake haijapangwa kama ya upande chanya, na kwamba volti zilizobaki ndani ya regyuleta hugeuka kuwa joto.

Ukuzaji uliopitiliza

Amplifaya nyingi za mezani hukuza kupita mahitaji. Yangu ilikuza mara 11: rezista ya omu 10,000 juu ya nyingine ya omu 1,000, na hesabu ni moja jumlisha 10 gawanya kwa 1. Vigeuza sauti vingi vya leo hutoa volti 2 vyenyewe. Matokeo yake nilikuwa natumia robo ya kwanza tu ya volyumu, mahali ambapo upande wa kushoto na wa kulia havilingani, huku kila uchafu ulioingia kabla ya hatua hiyo ukizidishwa mara 11.

Nilibadilisha zile rezista mbili za omu 1,000, moja kila upande, kwa za 4,700. Ukuzaji ukawa mara 3.1, na mabaki ya mvumo na msuso yakashuka kwa karibu desibeli 11. Kati ya mabadiliko yote ya amplifaya ya hedifoni, hili ndilo ningelifanya kwanza kwa mtu anayetumia vidude vya masikioni. Amplifaya ya Objective2, ambayo michoro yake iko wazi kwa wote, iliyotolewa mwaka 2011 na mbunifu aliyejulikana kwa jina la NwAvGuy, inakuja na kiwango cha mara 2.5 na cha mara 6.5, na wengi hubaki kwenye cha kwanza. Kabla ya kushusha, soma jina la opampu: NE5532 hustahimili hata mara 1, ila NE5534 chini ya mara 3 huhitaji kapasita ndogo ya kuituliza.

Kuhusu kubadilisha opampu yenyewe, ambako ndiko wengi huanzia, nitasema kwa kifupi: hakuondoi mvumo. OPA2134 na LM4562 huingia kwenye miguu ileile minane ya NE5532, na kama unapenda kujaribu, jaribu. Ila zina mipaka yake ya umeme: NE5532 huvumilia volti 22 kila upande, OPA2134 ni 18, LM4562 ni 17. Na zile zenye kasi, zisipokuwa na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme, zinaweza kuanza kutikisika kwa masafa yasiyosikika na kupata moto bila sababu inayoonekana.

Siku ya kufunga kasha, kabla ya skrubu ya mwisho, niliilegeza transfoma na kuizungusha polepole nikiwa nimevaa hedifoni ya zamani, mkono mmoja mfukoni na mwingine kwenye bisibisi lenye mpini wa plastiki. Usumaku wake una mwelekeo, na karibu robo ya mzunguko kutoka pale ilipokuwa, kile kidogo cha Hz 50 kilichobaki kilizama. Nikaweka alama kwa kalamu, nikachomoa plagi, nikaikaza hapo. Kisha nikapima volti tulivu (DC, zile zisizoenda na kurudi) kwenye soketi ya mbele, bila hedifoni: milivolti 4 kushoto, 6 kulia. Zingezidi 20 ningerudi ndani kutafuta sababu. Nikachomeka ile ya zamani tena, nikangoja dakika kumi, nikagusa regyuleta zote mbili kwa nyuma ya kidole. Zilikuwa za uvuguvugu tu.